Keki za Tini za Kumshukuru Shemeji

"Sema! Yuko wapi mke wangu?"

Trei ilikuwa imetoka kwenye oveni muda huo huo. Keki ndogo za tini, zimeiva vizuri, zinanukia mdalasini... na kiganja changu kilikuwa kimebanwa juu ya chuma hicho cha moto, kiganja cha shemeji yangu kikikandamiza kwa juu!

Jamani, nilisikia ngozi yangu ikiungua. Sisemi nilihisi. NILISIKIA.

"Sijui, Lyle! Haki ya Mungu sijui!"

"Unajua, shem."

Hakupaza sauti. Yule mwanaume huwa hapazi sauti kabisa. Mkono wake mwingine ulikuwa umenikaba shingo kwa nyuma, na usoni anatabasamu, maana mama yangu alikuwa chumba cha pili anajiimbia zake.

"Nakuuliza kwa upendo. Lena yuko wapi?"

"Niachie... Mama anakuja!"

Akaniachia. Akachukua keki moja kwenye trei, akaipuliza, akaitia mdomoni.

Mama akaingia.

"Lyle, mwanangu! Umeingia saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, Mama. Nilikuwa napita, harufu ikanivuta."

"Mama, kaniunguza!" Nikamnyooshea kiganja, nyama nyekundu inaonekana. "Huyu! Kaniunguza huyu!"

Mama akatazama mkono. Akatazama trei.

"Nimekwambia mara ngapi ushike kwa kitambaa? We mtoto haraka zako zitakuua."

"Mama, ni YEYE!"

"Tana! Mtu aliyenusurika motoni ndiye akuchome wewe? Nenda kaweke mkono kwenye maji, na usiniletee maneno ya ajabu jikoni kwangu."

Lyle akamwekea Mama mkono begani, taratibu, kama mtoto mwema.

"Msamehe, Mama. Amechoka. Sote tumechanganyikiwa, tangu Lena atoweke..."

Na machozi yakamtoka. Wallahi, machozi ya kweli! Mama akamkumbatia. Mimi nipo kwenye sinki, nang'ata meno, maji yananitiririka mkononi.

Halafu Mama akamfungia keki za kwenda nazo. Keki ambazo sisi wengine tulikatazwa hata kulamba kijiko chake mpaka padri azibariki!

Sasa ngojeni niwapange vizuri, maana ukiingia katikati hutanielewa.

Naitwa Gaetana, ila kila mtu ananiita Tana. Kwetu ni Gretna, ng'ambo ya mto ukitoka New Orleans. Sisi ni Wasisilia wa hapa hapa, asili yetu Italia, babu wa babu ndiye aliyeshuka melini. Nyumba yetu ni moja lakini imegawanywa katikati na ukuta. Upande mmoja anakaa Mama, upande mwingine nakaa mimi. Baraza moja mbele, milango miwili.

Lyle Brancato ni mume wa dada yangu Lena. Ni zimamoto. Mwaka juzi paa la ghala liliwaka likamwangukia, akalala hospitali hajitambui. Mama yangu akapiga magoti palepale kwenye sakafu ya hospitali.

"Mtakatifu Yosefu," akasema, "ukinirudishia huyu kijana, nakuwekea meza."

Na kijana akarudi.

Huku kwetu meza ya Mtakatifu Yosefu si mchezo. Ukiahidi umeahidi. Unaitandaza nyumbani kwako siku yake, katikati ya Kwaresima, mlango wazi, na yeyote anayefika anakula. Vya kupikia huendi kununua, unaviomba nyumba kwa nyumba, ujishushe. Na kwenye meza hiyo mwenye enzi ni tini. Wiki nyingi kabla, wanawake tunasaga tini kavu na zabibu na maganda ya machungwa kwenye mashine ya kusagia nyama, tunatia mdalasini, pilipili manga na tone la wiski. Tunafunika kwa unga, tunaoka. Kuna ndogo za kugawa, na kuna kubwa za kupamba meza: msalaba, ngazi, fimbo ya Yosefu, moyo. Zile kubwa unazichonga juu kwa kisu kidogo, unatoboa maua na majani, ili tini nyeusi ionekane chini ya unga mweupe.

Kwa hiyo mnaelewa? Tini zote zile, unga wote ule, ulikuwa wa kumshukuru Mungu kwa uhai wa Lyle.

Na mke wa Lyle, aliyekuwa anatafutwa mji mzima... alikuwa chumbani kwangu. Nyuma ya ukuta ule ule wa jiko la Mama!

* * *

Alikuwa amekuja siku chache kabla ya hayo, mchana kweupe, kwa mlango wa nyuma. Kitambaa cha jikoni kimejaa damu, amekishikilia kwenye taya.

"Lena! Yesu wangu!"

"Funga mlango."

"Ni nini hicho mkononi?"

Akafungua ngumi yake. Meno mawili.

Nikafunga mlango kwa ufunguo.

"Nilikwenda Baton Rouge," akasema, maneno yanamtoka kwa taabu. "Kwa yule rafiki yangu wa zamani. Akanipata huko huko. Akanirudisha kwa gari, njia nzima ananiimbia. Tulipofika nyumbani, akafunga pazia..."

"Twende polisi, sasa hivi!"

Akacheka. Ubavu ukamchoma, akajishika.

"Nilishakwenda. Wakamjua kwa jina. Wakampigia simu aje anichukue. Mmoja akaniambia, dada, mwanaume kama yule wenzio wanamtafuta kwa tochi."

"Na Mama? Ulimwambia Mama?"

"Aliniambia nimvumilie, kichwa chake hakijatulia tangu ule moto. Tana, alikuwa ananipiga kabla ya moto. Siku paa lilipomwangukia mkono wangu ulikuwa kwenye plasta."

Ni kweli. Nilikumbuka ile plasta. Alituambia aliteleza bafuni, na sisi tukamchorea maua juu yake.

"Ulikaa pale hospitali kando ya kitanda chake wiki nzima," nikamwambia. "Unasali. Ulikuwa unaomba apone?"

"Usiniulize hilo."

Nikaenda kumletea maji ya chumvi asukutue.

Basi ndiyo yakawa maisha yetu. Asubuhi nakwenda upande wa Mama kusaga tini, naacha Lena kitandani kwangu. Mashine ikizunguka, mambo shwari, makelele yake yanafunika kila kitu. Ikisimama... wee! Unasikia mpaka kitanda kikilia upande wa pili.

Siku moja Lena akakohoa.

Mama akainua kichwa. "Nani huyo?"

"Redio, Mama."

"Redio inakohoa?"

"Mchezo wa redio. Kuna mzee mgonjwa."

Mama akaendelea kukanda unga, huku analalamika kama kawaida yake. Huyu Lena hana shukrani. Huyu Lena kamwacha mume mgonjwa. Huyu Lena akirudi atamzaba vibao. Na mimi najua kila neno linapenya ukuta linamfikia mwenyewe.

Kosa likawa langu mimi. Niliona Lena ananyong'onyea kule ndani, hali, hasemi, anaangalia dari. Nikasema nimpe kazi. Nikawa nambebea vipande vya unga na tini, na kile kisu kidogo cha kuchongea. Nikamwekea kibao na mti wa kusukumia unga kwenye meza ya pale sebuleni kwangu, karibu na mlango. Akaanza kuchonga. Uso ukapata rangi kidogo. Jumanne ile alipomaliza moyo, ule mkubwa, kwa mara ya kwanza alikula bakuli zima la supu.

Nikaubeba ule moyo kwa Mama, nimefurahi mwenyewe kama zuzu.

Mama akautazama. Akavaa miwani. Akautazama tena.

"Nani kachonga hii?"

"Mimi."

"Wewe?" Akavua miwani. "Wewe ukichonga ua, mtu anadhani kuku kakanyaga unga. Jani linaloinama namna hii... nilimfundisha mtu mmoja tu duniani."

Nimekamatwa!

Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshatoka barazani, aproni na unga wake, anasukuma mlango wangu.

Lena alisimama pale mezani, kisu mkononi. Jicho moja bado limefunga. Taya limevimba, rangi ya zambarau imeanza kugeuka njano.

Mama alimsogelea. Akamgusa taya kwa vidole viwili. Akamfungua mdomo, kama alivyokuwa anatufungua tukiwa watoto, akaliona lile pengo.

Nikasema moyoni, asante Mungu, kaona. Sasa kaona kwa macho yake!

Mama akajifuta mikono kwenye aproni.

"Utakaa humu humu usionekane," akasema. "Sherehe ikiisha, nampigia Lyle aje akuchukue. Mtayamaliza kwenu."

"Mama!" Nilipiga kelele. "Huoni?"

"Nimeomba unga nyumba kwa nyumba mtaa huu mzima kwa jina la yule kijana! Nimeomba tini mpaka kwa watu nisiowasalimia! Padri ameshatangaza kanisani! Mnataka nikawaambie watu nini?"

Lena alisema kwa sauti ndogo, "Mama, ataniua."

"Hatakuua. Atakuwa ameshabarikiwa."

Akatoka. Tukasikia mashine ya kusagia ikianza kuzunguka upande wa pili.

Wapendwa, nimepigwa maishani, nimeachwa, nimechomwa mkono... lakini hakuna kilichoniuma kama ile sauti ya mashine.

"Tuondoke leo," nikamwambia Lena. "Nitakuendesha mpaka mafuta yaishe."

"Nimeshaondoka mara moja, Tana. Atanikuta. Na kokote atakakonikuta hakutakuwa na mtu."

Akakaa chini. Akaokota kisu, akaanza kuchonga ile fimbo ya Yosefu. Sikumwelewa hata kidogo. Nilidhani amekata tamaa.

* * *

Siku yenyewe ikafika. Jua kali, mtaa umejaa. Magari ya zimamoto yameegeshwa pembeni, wenzake Lyle wote wamekuja na sare. Watu wanapiga foleni tangu kwa kina Earline, jirani wa ng'ambo ya barabara. Bendi inapiga. Padri katoa baraka. Upande wa Mama meza ina ngazi tatu za vitambaa vyeupe, mikate, mishumaa, ndimu, na keki za tini zimejaa mpaka sakafuni.

Kabla ya watu kula kuna mchezo wa kubisha hodi. Yosefu, Maria na Mtoto wanatafuta pa kulala. Wanabisha mlango wa kwanza, wanakataliwa. Wa pili, wanakataliwa. Wa tatu ndio unaofunguliwa, wanakaribishwa, meza inaanza.

Kwetu, kila mara Mama anapoweka meza, mlango wa kwanza ni wa Earline. Wa pili ni wangu. Wa tatu ni wa Mama.

Na Yosefu wa mwaka huu, mnadhani alikuwa nani?

Ndiyo. Yeye.

Amevaa kanzu ya kahawia na kilemba, fimbo ndefu mkononi, maua meupe yamefungwa juu yake. Maria ni mtoto wa shule wa mtaani, na Yesu ni mdogo wake. Wazee wanamgusa Lyle kanzu akipita. Kuna mama mmoja alilia.

Mimi nimesimama nyuma ya mlango wangu, mkono umefungwa bandeji. Kazi yangu ni kujibu tu kwa ndani, mlango umefungwa. Lena nimemwacha chumbani, nimemwambia asipumue.

Nikasikia nyayo barazani. Umati ukanyamaza.

Ngo! Ngo! Ngo! Kwa fimbo.

"Nani hapo?" nikauliza.

"Yosefu, Maria na Mtoto," akajibu. Sauti tamu, laini.

"Mnataka nini?"

"Chakula na mahali pa kulala."

Nikavuta pumzi nijibu... mkono ukanigusa begani.

"Sogea, Tana."

Nikageuka. Lena! Amevaa gauni lisilo na mikono. Ameosha poda yote usoni. Nywele amezifunga nyuma, kila jeraha liko nje: shingo, mikono, taya, alama za vidole.

"Umechizi? Rudi ndani!"

"Sogea, mdogo wangu."

"Lena, nakuomba, yuko hapo hapo nyuma ya..."

Akanisukuma. Akafungua mlango mpaka mwisho.

Mtaa mzima ukawa kimya. Hata bendi.

"Yule si Lena?" mtu akauliza kwa mbali.

"Mungu wangu, uso wake..."

Lyle aliganda kidogo tu. Halafu, nyie! Yule shetani akatabasamu. Akainua fimbo juu, akawageukia watu.

"Mke wangu! Kapatikana! Jamani, Mtakatifu Yosefu kanirudishia mke wangu!"

Na kuna watu walipiga makofi. Naapa, walipiga makofi!

Akafungua mikono amkumbatie. Lena akamsogelea. Akajinyoosha kwa vidole vya miguu, akamnong'oneza kitu sikioni. Kifupi tu. Mimi niliyekuwa nyuma yake sikusikia hata neno.

Niliona uso wa Lyle. Lile tabasamu lilimtoka lote, na kilichobaki ndicho Lena alichokuwa anakiona kila siku pazia likishafungwa.

Fimbo ikashuka.

PAA!

Usoni. Damu ikaruka mpaka kwenye fremu ya mlango wangu.

Na mnajua umati ulifanya nini? Wengine walicheka! Walidhani ni mchezo! Walidhani mwaka huu tumeongeza vichekesho!

PAA! Ya pili, kwenye bega. Ile fimbo ikavunjika, maua yakatawanyika barazani. Lena akaanguka kwenye kizingiti, nusu ndani nusu nje. Lyle akampiga teke la tumbo. Akampiga tena.

"Mbwa we! Mbele za watu? Mbele za watu unaniambia mimi hivyo?"

Akili ikanirudi. Nikageuka, nikaona mti wa kusukumia juu ya meza, bado una unga. Nikaudaka kwa ule mkono mzima.

Nilimpiga kwenye kifundo cha mkono. Nikasikia kitu kinavunjika. Nikampiga goti. Akayumba, akanigeukia, akanishindilia kile kipande cha fimbo hapa, kwenye mfupa wa juu ya kifua. Ukavunjika. Nilisikia ukilia ndani ya masikio yangu! Nikaenda chini.

Akampanda Lena juu. Mikono yote miwili kooni, hata ule uliovunjika. Macho ya dada yangu yakaanza kugeuka meupe.

"MSAADA!" nilipiga kelele. "MNAANGALIA NINI?"

Aliyewazindua ni yule mtoto, Maria, shela yake ya bluu kichwani.

"Anamuua! Si mchezo! ANAMUUA!"

Hapo ndipo wale zimamoto wenzake walipoamka. Wa kwanza alimvuta kanzu, ikachanika. Wa pili akapigwa kiwiko cha pua, damu chururu. Wa tatu na wa nne wakamrukia wote kwa pamoja, wakamlaza kifudifudi barazani kwetu, huku anatupa mateke na kuuma mikono ya watu.

Lena akavuta pumzi. Iliingia kwa mkoromo mbaya, lakini iliingia.

* * *

Sasa sikilizeni hii.

Lyle alipoona askari aliyekuwa anaongoza magari anapanda ngazi za baraza, alibadilika palepale! Sauti ikarudi ile laini. Machozi yakamtoka.

"Afande, nisamehe. Ni kichwa changu, tangu ule moto. Muulizeni mtu yeyote hapa. Huyu mwanamke alinitoroka, kanidhalilisha, kanitukana... Mama! Mama njoo uwaambie! Wewe unanijua!"

Mlango wa tatu ulikuwa wazi. Mama alikuwa amesimama pale, gauni lake la sikukuu, sahani ya keki za tini mkononi. Alikuwa anasubiri kumkaribisha Yosefu.

Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

Askari akamsogelea. Wanajuana, alilelewa mtaa wa nyuma.

"Bi Pina," akasema. "Samahani. Umeona nini?"

Mtaa mzima unamwangalia. Padri anamwangalia. Wale wote aliowaomba unga wanamwangalia.

"Mama," Lyle akamwita, shavu limegandamizwa kwenye mbao. "Mimi mwanao. Uliniombea."

Lena alikuwa amekaa, ameegemea fremu, damu inamtoka puani na mdomoni. Hakumwita Mama. Alimwangalia tu.

Nikawaza, akisema neno moja tu la kumtetea huyu mtu, Lena amekwisha. Atarudishwa, na safari hii ndiyo ya mwisho.

Mama alimwangalia Lena kwa muda. Kisha akaweka sahani chini.

"Leo nimeona," akasema kwa sauti kubwa. "Na Jumanne pia niliona. Nilimshika mwanangu hili taya kwa mkono wangu, nikaamua sijaona. Yaandike yote mawili."

"KIKONGWE MKUBWA WE!"

Hiyo ilikuwa sauti ya Lyle. Sauti yake halisi, ambayo hakuna mtu mtaani kwetu aliwahi kuisikia. Alimtukana Mama matusi siwezi kuyaandika hapa. Akaahidi kumchoma na nyumba yake. Akamtajia Lena jinsi atakavyomfanya akitoka, kwa mpangilio, kiungo kwa kiungo. Watoto wakazibwa masikio. Wakamfunga pingu amevaa kanzu yake ya Yosefu iliyochanika, wakamburuta kwenye ngazi, bado anatukana.

Gari la wagonjwa lilipokuwa linakuja, watu waliingia kwa Mama wakala. Ndiyo, walikula! Meza ikishabarikiwa lazima igawiwe yote. Wakapanga foleni, na kila anayefika mbele anainama kumnong'oneza Mama.

"Mimi nilikuwa nahisi."

"Ule mkono wa plasta, nilisema hapa kuna jambo."

Earline wa ng'ambo akasema, "Dada, mimi nilijua siku nyingi."

Mama akamwekea keki ya tini mkononi.

"Hata mimi nilijua," akamjibu. "Kula."

* * *

Lyle kahukumiwa. Mashahidi walikuwa wengi mpaka hakimu akasema inatosha.

Lakini nataka mjue kitu kimoja, ndiyo sababu nimeandika yote haya.

Hospitali tulilazwa chumba kimoja, mimi bega limefungwa, yeye uso mzima bandeji. Siku alipoweza kuongea, nikamuuliza.

"Ulimnong'oneza nini pale mlangoni?"

Akageuza uso ukutani.

"Ulimtukana? Ulimtajia mwanaume mwingine? Maana alipandwa na wazimu kabisa."

"Hapana. Nilimwambia, sikuogopi tena."

"Basi?"

"Basi. Nilijua hilo hawezi kulivumilia. Nilijua atanipiga palepale." Akameza mate, inamuuma. "Nilihitaji anipige palepale, Tana. Mchana, mbele za watu. Nilipowaambia polisi na Mama kwa mdomo, hawakuniamini. Mama alipoliona pengo la meno yangu, bado akataka kunirudisha."

Nikamshika mkono.

"Halafu nilikuwa nadanganya," akasema. "Nilipofungua ule mlango, nilikuwa nimeshajikojolea."

Jamani, ndugu zangu mnaosoma hapa... dada yangu alijipeleka mwenyewe kwenye kipigo ili apate mashahidi. Huyo mwanamke wa jirani unayemsikia akigongeshwa ukutani, usingoje naye afike huko. Binti yako akikwambia anapigwa, mwamini siku anayokwambia, angali na meno yake yote.